Neno la Mbunge na Neno la Gazeti: Rungwe katika Majadiliano ya Umma, 1958–2022

Mtu akiyasoma majadiliano ya Bunge letu tangu siku lilipokuwa likiitwa Baraza la Kutunga Sheria, ataona kuwa lipo swali moja ambalo halitajwi mara nyingi kwa jina lake, lakini limelala chini ya hoja nyingi zinazotajwa. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepewa nafasi ya kusema mbele ya umma, awe mbunge au mwenye gazeti, akisema vibaya atajibu kwa nani? Tena ni nani mwenye haki ya kumwambia kuwa amesema vibaya? Makala haya yanalifuata swali hilo kwa kuitazama wilaya moja, Rungwe, na wabunge watatu waliotoka huko: Bwana John Mwakangale, Bwana Eli Anangisye, na Dakta Harrison Mwakyembe. Huyu wa mwisho alikuwa mbunge wa Kyela, wala si wa Rungwe kama mipaka ilivyo sasa. Lakini Kyela ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe mpaka ilipomegwa katika miaka ya 1970, na wenyeji wa pande hizo mbili ni watu wa lugha moja na desturi moja. Kwa hiyo sioni kosa kumweka pamoja na wenzake.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Rungwe? Magazeti ya nchi hii yalichapwa Dar es Salaam, na wabunge walikaa huko huko kabla ya Bunge kuhamia Dodoma. Tukuyu uko mbali na pande hizo zote, juu katika nchi ya mvua nyingi, migomba na kahawa, chini ya mlima Rungwe. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg walipouhamisha utawala wao kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa. Lakini wenyeji wa nchi hiyo, Wanyakyusa, walikuwa na elimu yao wenyewe juu ya nguvu ya maneno ya umma kabla Mmoravian wa kwanza hajafika Rungwe mwaka 1891, na elimu hiyo yatusaidia kulielewa swali letu kuliko vitabu vingi vya sheria.

Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938. Katika kitabu chake kiitwacho Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Bibi Wilson alieleza mambo mawili ambayo tunayahitaji hapa. La kwanza ni ukwangala, yaani kukaa na marika, kula nao na kuzungumza nao. Kwa Wanyakyusa hayo hayakuwa mapumziko tu baada ya kazi. Walisema kwamba akili na adabu mtu huzipata katika mazungumzo na wenziwe walio sawa naye, na asiyezungumza na wenzake hawezi kuwa na busara, hata kama ana ng'ombe wengi. La pili ni embepo sya bandu, maana yake pumzi ya watu. Mtu akivunja desturi, tuseme amewadharau wazazi wake au amewanyima jirani nyama ya matanga, majirani hunung'unika. Na pumzi yao ile humshukia kama baridi, akaugua. Mtemi naye hakusalimika. Akiwa mchoyo au mwonevu, pumzi ya watu wake iliweza kumlaza kitandani kama mtu mwingine yeyote.

Jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa katika maelezo hayo ni dawa yake. Mgonjwa hakuponywa kwa kunyamazisha manung'uniko. Aliponywa kwa kuwaita wale walionung'unika, akawakirimu, nao wakasema waziwazi hasira iliyokuwa moyoni mwao. Neno lililofichwa ndilo lililoua, na neno lililotamkwa ndilo lililoponya. Tena Wanyakyusa walijua hatari ya upande wa pili. Nguvu ile ile, ikitumiwa na mtu mmoja kwa chuki yake na bila kibali cha jirani, haikuwa tena pumzi ya watu bali ubulosi, yaani uchawi. Tofauti kati ya lawama ya haki na uchawi haikuwa katika ukali wa neno. Ilikuwa katika kwamba watu wengine wa kijiji, wakilisikia, walikubali kwamba mlaumiwa kweli alistahili. Sisemi kwamba wabunge wa Rungwe waliingia barazani wakiwaza habari za pumzi. Nasema tu kwamba walitoka katika nchi ambako swali la nani anajibu kwa maneno yake lilikuwa la kale.

Sasa tuje kwenye magazeti. Katika utawala wa Kiingereza gazeti la Kiswahili lililojulikana kuliko yote lilikuwa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, nalo lilikuwa la Serikali yenyewe. Magazeti ya watu binafsi yalitawaliwa na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928, ambayo kila mwenye gazeti alitakiwa kujiandikisha chini yake. TANU ilipopata nguvu, hali ilibadilika. Mwafrika lilianza mwaka 1957, na mwaka huo huo TANU ikaanza kutoa karatasi yake, Sauti ya TANU.

Yaliyompata Mwalimu Nyerere kwa ajili ya karatasi hiyo yanafaa kukumbukwa na kila anayechunguza jambo hili. Mwaka 1957 Mwalimu aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, akajiuzulu mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata aliandika katika Sauti ya TANU maneno makali juu ya Mabwana D.C. wawili, akashtakiwa kwa kosa la kuwakashifu, na mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000. Msomaji na apime. Lau Mwalimu angalikuwa bado mjumbe, akasimama barazani na kuyasema maneno hayo hayo mbele ya Gavana, asingeshtakiwa mahali popote, kwa sababu neno la mjumbe ndani ya baraza lina kinga. Alipoyaandika katika karatasi, yakawa kosa la jinai. Maneno yalikuwa yale yale, na msemaji yule yule; kilichobadilika ni mahali tu. Tofauti hii ndiyo mzizi wa habari yote inayofuata.

Uchaguzi wa kwanza wa wajumbe ulifanyika mwaka 1958 na 1959 kwa utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kutoka Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini alichaguliwa Bwana Mwakangale. (Neno jimbo wakati ule lilikuwa na maana ya eneo kubwa la utawala, ambalo baadaye liliitwa mkoa, leo limekuwa eneo la mbunge. Anayesoma nyaraka za zamani bila kulijua hilo hupotea upesi.) Bwana Mwakangale alikuwa msemaji asiyemung'unya maneno. Mwezi wa Oktoba 1961, Baraza lilipojadili muswada wa uraia, yeye alikuwa miongoni mwa wale waliopinga kwa moto kwamba watu wasio Waafrika wapewe uraia sawa na Waafrika. Waziri Mkuu, Mwalimu Nyerere, aliwajibu kwa hasira ambayo haikuzoeleka kwake, akasema kwamba Serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi ya ngozi. Muswada ukapita.

Mimi sikubaliani na Bwana Mwakangale katika jambo lile, na nadhani wasomaji wengi watakuwa pamoja nami. Lakini yafaa kutambua kilichotokea: mbunge wa TANU alimpinga kiongozi wa TANU hadharani, neno lake likaandikwa katika kumbukumbu za Baraza, likajibiwa kwa neno, naye akabaki mbunge mwenye heshima. Miezi michache tu baadaye, mwanzoni mwa 1962, Nelson Mandela alipopita Mbeya akiwa ametoroka Afrika Kusini kwa siri, mtu aliyekuwa akimtafuta hotelini ili ampokee alikuwa ni huyo huyo Bwana Mwakangale. Mandela amelisimulia jambo hilo katika kitabu cha maisha yake. Bwana Mwakangale alikuja kumwulizia. Mama wa Kizungu aliyekuwa mapokezini akasahau kuwaambia wageni. Na Mwafrika mmoja aliyekuwapo hotelini akamwonya mama yule kwa upole, lakini kwa uthabiti, kwamba wageni hao watunzwe vizuri. Kilichomstaajabisha Mandela ni kuona Mwafrika akimwambia Mzungu kosa lake hadharani bila hofu, na Mzungu akiomba radhi.

Mwaka 1964 Bwana Mwakangale aliwashambulia Bungeni vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, ambao kundi lao la kwanza, la wapimaji na wahandisi, lilikuja mwaka 1961. Alisema kwamba watu hao hawakuja kwa amani bali kwa fujo, na akataka wasiletwe zaidi. Maneno hayo yalichapwa magazetini. Hapa twaona upande wa pili wa kinga ya mbunge. Vijana wale hawakuwa na kiti Bungeni wala njia ya kumjibu. Na gazeti lililochapa habari ile kwa uaminifu lilikuwa salama, kwa kuwa liliripoti tu yaliyosemwa Bungeni. Lau mwandishi angaliyatunga yeye mwenyewe, ingekuwa habari nyingine. Kinga inayomlinda mnyonge anaposema juu ya mkubwa humlinda pia mkubwa anaposema juu ya mgeni.

Maneno yenyewe yaliyotumika katika mijadala hiyo yanastahili kutazamwa, maana hili ni jarida la lugha. Baraza la Kutunga Sheria lilijadili kwa Kiingereza. Kiswahili kilipata heshima yake Bungeni pole pole: Mwalimu alilihutubia Bunge kwa Kiswahili siku ya Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, na mwezi wa Januari 1967 Bwana Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, akatangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zote za Serikali. Kwa Mnyakyusa wa Tukuyu mabadiliko hayo hayakuwa ya kurudi katika lugha ya mama, kwa sababu Kiswahili nacho amejifunza shuleni na sokoni. Lakini ilikuwa ni lugha aliyoweza kumsikia mbunge wake akiisema.

Sasa, katika Kiswahili hicho cha Bunge, Waingereza walichokiita utawala wenye kujibu kwa wawakilishi wa watu kiliitwaje? Kiliitwa serikali ya madaraka. Mwaka 1960 Tanganyika ilipopewa serikali ya namna hiyo, neno madaraka bado lilikuwa na uzito wake wa asili. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 humwonyesha msomaji kwamba daraka ni jambo ambalo mtu amejitwika na ambalo hana budi kulitimiza: ni dhamana, ni wajibu. Mwenye madaraka, basi, alikuwa mtu aliyebeba mzigo. Haikupita miaka mingi, neno likageuka. Leo mwenye madaraka ni mwenye nguvu, na kulevywa madaraka ni ugonjwa ambao kila mtu anaujua. Mzigo umekuwa kiti. Sijui neno jingine la Kiswahili ambalo limesafiri umbali mkubwa hivyo katika muda mfupi hivyo, na sidhani kwamba lilisafiri peke yake.

Twafika sasa mwaka 1968, ambao kwa maoni yangu ndio mwaka wa kutazamwa kuliko yote. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilikuwa imeifanya nchi kuwa ya chama kimoja. Katika uchaguzi wa Septemba 1965 wananchi walipewa wagombea wawili wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, nao wakaitumia nafasi hiyo bila haya: hata Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, alishindwa. Kutoka Rungwe Kaskazini akachaguliwa Bwana Eli Anangisye, ambaye alipata pia kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Vijana wa TANU. Lakini Katiba hiyo hiyo iliweka sharti kwamba mbunge lazima awe mwanachama wa TANU. Akivuliwa uanachama, kiti kimekwenda.

Mwaka 1968 Serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kuirekebisha ile Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928. Kiini chake kilikuwa kifupi: Rais apewe uwezo wa kulifunga gazeti lolote akiona kwamba kufanya hivyo ni kwa manufaa ya umma, au kwa ajili ya amani na utulivu. Magazeti makubwa ya wakati ule yalikuwa machache. Uhuru na The Nationalist yalikuwa ya TANU. Tanganyika Standard, lililoanzishwa mwaka 1930, lilikuwa mali ya kampuni ya kigeni. Ngurumo lilikuwa la mtu binafsi. Watetezi wa muswada waliona hatari katika gazeti linalomilikiwa na wageni katika nchi changa, na hofu yao haikuwa ya kuzua. Lakini wabunge wengi wa viti vya nyuma waliupinga muswada ule kwa nguvu, wote wakiwa ni wana-TANU, kabla haujapitishwa kuwa sheria.

Sheria ya mkoloni ya mwaka 1928, pamoja na ubaya wake, ilikuwa na njia ya mahakama. Mwalimu mwaka 1958 alipelekwa mbele ya hakimu, akawa na wakili, ushahidi ukasikilizwa, hukumu ikasomwa. Marekebisho ya mwaka 1968 yaliweka njia isiyopita kwa hakimu. Nasema hivi bila kumtukuza mkoloni. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu waliokuwa wameonja mahakama za mkoloni ndio walioipitisha sheria ile mpya.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Tanga, ikawafukuza katika Chama watu tisa. Mmoja alikuwa Bwana Oscar Kambona, aliyekuwa tayari yuko London tangu mwaka 1967. Wengine walikuwa wabunge waliojulikana kwa kusema: mabwana Joseph Kasella-Bantu, Fortunatus Masha, Wilfred Mwakitwange, Modestus Chogga na wenzao, na kati yao alikuwamo Bwana Anangisye wa Rungwe Kaskazini. Katika mwaka ule wabunge walikuwa wamehoji ni chombo kipi chenye kauli ya mwisho katika nchi, Bunge au Halmashauri Kuu ya Chama. Jibu lilitolewa Tanga. Wote walipoteza viti vyao.

Mambo haya mawili, sheria ya magazeti na kufukuzwa kwa wabunge, huelezwa na waandishi wa historia katika sura mbalimbali, la kwanza katika historia ya uandishi na la pili katika historia ya Chama. Mimi naona ni jambo moja. Kinga ya mbunge, ambayo mwaka 1958 ilikuwa ndiyo tofauti kubwa kati ya baraza na gazeti, ilikuwa bado imeandikwa katika sheria mwaka 1968: Bwana Anangisye hakushtakiwa mahakamani kwa neno lolote alilolisema Bungeni, wala asingeweza kushtakiwa. Ila kinga ile ilimlinda na hakimu tu. Haikumlinda na Chama. Kwa mwaka mmoja gazeti na mbunge wakawa sawa, kila mmoja akiweza kunyamazishwa bila kesi. Na wapiga kura wa Rungwe Kaskazini, ambao mwaka 1965 walikuwa wamewapima watu wawili kwa jembe na nyumba, hawakuulizwa kama wao nao walikuwa na neno juu ya mtu wao.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Tarehe 5 Februari 1970 Serikali ililitaifisha Standard, Rais mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na Bibi Frene Ginwala akawa mhariri. Katika waraka wake uliochapwa siku hiyo Mwalimu aliliruhusu gazeti kuwakosoa viongozi. Mwaka 1971 Bibi Ginwala akaondolewa baada ya gazeti kulaani kunyongwa kwa wakomunisti huko Sudan, jambo lililoiudhi serikali rafiki. Mwaka 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News. Mwaka 1976 ikatungwa Sheria mpya ya Magazeti, na ndani yake ule uwezo wa kulifunga gazeti haukufutwa. Ulihamishwa tu kutoka kwa Rais ukapewa Waziri. Tume ya Jaji Nyalali, iliyochunguza mfumo wa vyama mwaka 1991 na 1992, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria arobaini za kurekebishwa au kufutwa. Ilidumu miaka arobaini kamili.

Katika muda huo neno jipya lilishika mahali pa madaraka. Mwezi wa Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza. Tendo hilo likawa mfano wa kutajwa kila mara, na neno kuwajibika likapata, juu ya maana yake ya kawaida ya kupaswa kufanya jambo, maana ya pekee: kuachia cheo kwa kosa lililotendwa chini yako. Wanasarufi watambue umbo lake. Kuwajibika kumo katika kauli ya kutendeka, na kauli hiyo kwa desturi haimtaji mtenda: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka, waziri amewajibika. Nani amemwajibisha? Kitenzi kimenyamaza. Ndiyo maana wasemaji wa Bungeni, wanapotaka kuukaza mkono, huenda kwenye kauli ya kutendesha na kusema kwamba fulani awajibishwe. Na hapo swali la mtenda haliwezi kukwepwa tena.

Mwezi wa Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 ambao kampuni ya Richmond ilipewa mwaka 2006, katika ukame uliopunguza maji ya mabwawa. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta Mwakyembe, mwanasheria aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mbunge wa Kyela tangu mwaka 2005. Magazeti yalikuwa yameliandika jambo hilo kabla ya Bunge kulishika, na hayakuliandika kwa raha: mwezi wa Januari 2008 wahariri wawili wa MwanaHalisi, mabwana Saed Kubenea na Ndimara Tegambwage, walivamiwa ofisini mwao na kujeruhiwa. Tarehe 6 Februari Dakta Mwakyembe alisimama Dodoma na kuisoma taarifa ya Kamati, nchi nzima ikisikiliza. Siku ya pili Waziri Mkuu, hayati Edward Lowassa, akatangaza kujiuzulu, na mawaziri wawili waliohusika na nishati, mabwana Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, nao wakajiuzulu.

Hayati Lowassa alikuwa na lalamiko moja, nalo si dogo: kwamba Kamati haikumwita ikamsikiliza kabla ya kumtaja. Haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa ni ya zamani kuliko Bunge, na wazee wa Rungwe wangelielewa lalamiko lile mara moja, maana mgonjwa wa pumzi alikaa uso kwa uso na walionung'unika. Walakini Waziri Mkuu alikuwa na kitu ambacho wananchi wengi wanaotajwa hawana. Alikuwa na kiti katika nyumba ile ile, akasimama siku iliyofuata na kujibu mbele ya watu wale wale waliosikia lawama. Kwa upande wa Bunge, nadhani siku zile mbili zilikuwa kubwa kuliko zote tangu vyama vingi virudi.

Miaka tisa baadaye, mwezi wa Machi 2017, Dakta Mwakyembe aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari. Aliikuta Sheria ya Huduma za Habari, iliyopitishwa na Bunge mwezi wa Novemba 2016 kuchukua mahali pa ile ya 1976. Sheria hiyo ilileta Bodi ya Ithibati ya Wanahabari na Baraza Huru la Habari, ambavyo watetezi wake walivieleza kuwa ni njia ya kuifanya kazi ya uandishi iwe na adabu na heshima kama udaktari au uwakili. Lakini katika kifungu cha 59 Waziri alibakishiwa uwezo wa kuzuia habari anayoiona kuwa ya hatari kwa usalama. Uwezo uliozaliwa mwaka 1968 ulikuwa hai, katika mkono wa mbunge wa nchi ya Anangisye.

Mwezi wa Juni 2017 gazeti la Mawio liliwahusisha marais wastaafu wawili na mikataba ya madini, wakati nchi nzima ikizungumza habari za mchanga wa dhahabu. Waziri akalifungia miezi 24. Mwezi wa Septemba MwanaHalisi nalo, gazeti la wale wahariri waliojeruhiwa mwezi mmoja kabla ya taarifa ya Richmond, likafungiwa miezi 24. Raia Mwema na Tanzania Daima yakafungiwa siku 90 kila moja.

Itakuwa rahisi kusema hapa kwamba mtu aligeuka, na wako waliosema hivyo. Mimi sidhani kwamba maelezo hayo yanatosha. Kamati Teule ya mwaka 2008 iliweza kuita mashahidi, kudai nyaraka na kusema chini ya kinga. Gazeti la mwaka 2017 halikuwa na hata moja ya hayo, na mwandishi aliyeandika juu ya mikataba ya madini aliandika kwa vipande alivyoweza kuvipata. Mwanasheria aliyezoea ushahidi wa kiapo aweza kwa moyo mweupe kabisa kuliona gazeti kuwa ni kijiwe cha uvumi. Kosa, kwa maoni yangu, liko katika hatua inayofuata: asiye na uwezo wa kudai nyaraka atakosea mara nyingi zaidi, na sheria ikamwadhibu zaidi kwa sababu hiyo, tena bila kikao cha kumsikiliza. Lile aliloliombea hayati Lowassa mwaka 2008, kusikilizwa kwanza, kifungu cha 59 hakikumwahidi mhariri yeyote.

Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika shauri lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania na wenzake, iliamua kwamba vifungu vingi vya sheria ile, na cha 59 kikiwamo, vinakwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Dakta Mwakyembe alikuwa Waziri mpaka mwaka 2020, mwaka ambao ubunge wake wa Kyela nao ulikwisha. Tarehe 10 Februari 2022 Serikali ilirudisha leseni za magazeti manne: Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima. Mwaka 2023 sheria yenyewe ikarekebishwa, na marekebisho hayo yakajadiliwa Bungeni kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.